Mwongozo Kamili wa Neno "Attach": Kulitumia Bila Kukosea Katika Barua, Fomu na Mikataba

Sentensi moja hujirudia katika barua za maombi ya kazi zinazoandikwa kwa Kiingereza na watu wanaofikiri kwa Kiswahili: "My letter is attached with my certificates." Kila neno ndani yake ni la Kiingereza na tahajia ni sahihi. Kilichopinda ni mwelekeo. Anayesoma hajui kipi kimeshikizwa kwa kipi, na ikiwa ana barua mia mbele yake hatakaa kufumbua fumbo.

Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na Kiswahili chetu wenyewe, na ndiyo maana kukariri sentensi za mfano hakuliponyi. Ukiisha kuona lilikoanzia, hutalirudia.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: "attach" haivichukulii vitu viwili kuwa na hadhi sawa. Kimoja ni mwenyeji, kingine ni mgeni. Mgeni ndiye anayeshikizwa, mwenyeji ndiye anayepokea. Kila hatua hapa chini inategemea hilo.

## Utakavyohitaji

- Barua au barua pepe moja ya Kiingereza uliyokwisha kuiandika, yenye "attach", "attached" au "attachment". Iwe ya kweli, si ya zoezi. Makosa yako halisi yamo humo.
- Kalamu mbili, ya buluu na ya nyekundu. Kwenye kompyuta, rangi mbili za kuangazia maneno.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza lugha, yenye mifano ya sentensi. Kamusi ya tafsiri peke yake itakupa "ambatisha, funga, unganisha" bila kukwambia lini utumie lipi.
- Karatasi nzima moja, kipande kidogo cha karatasi, klipu, stepla na bahasha.
- Dakika 40 hivi zisizo na haraka.

## Hatua ya 1: Tenga mgeni na mwenyeji

Chukua karatasi nzima, uibane na kile kipande kidogo kwa klipu. Kwa Kiingereza, kipande kidogo ndicho "attached to" karatasi. Hakuna atakayesema karatasi nzima imekuwa "attached to" kipande, ingawa klipu imeshika zote mbili kwa nguvu ileile. Lugha imekwisha kuamua nani mkubwa.

Kumjua mwenyeji, fanya jaribio hili. Kitenganishe kichwani kitu kimoja na kingine, kisha uulize ni kipi kinabaki na jina lake na kazi yake. Trela ikiondolewa, lori linabaki lori na linatembea. Lori ndilo mwenyeji. Lebo ikibanduka, chupa inabaki chupa. Kengele ikitoka, baiskeli bado ni baiskeli.

Cheti na barua huwachanganya watu, kwa sababu cheti kinaweza kusimama peke yake na pengine kina thamani kuliko barua. Hapa usiangalie thamani. Angalia nani anasema na msomaji. Barua ndiyo inayosema. Cheti kimekuja kuitolea ushahidi. Kwa hiyo barua ni mwenyeji. Katika barua pepe jibu halibadiliki kamwe: barua pepe ni mwenyeji, faili ni mgeni, hata faili likiwa na kurasa 200 na barua pepe ikiwa na mstari mmoja.

Kanuni hii inafika hadi kwa watu. Muuguzi aliyepelekwa kwa muda katika idara fulani ya hospitali huitwa "attached to the department". Idara ilikuwapo kabla yake na itabaki baada yake.

Tahadhari. Vitu vikiwa na hadhi sawa, kwa mfano mbao mbili za urefu mmoja au vipande viwili vya bomba, jaribio litagoma. Usilazimishe. Kugoma huko kunakwambia kwamba unahitaji neno lingine, nalo lipo katika hatua ya 3.

Utajua umefaulu ukiweza kupiga mstari wa buluu chini ya mgeni na mwekundu chini ya mwenyeji katika kila sentensi ya barua yako. Sentensi ambayo haina mwenyeji hata wa kudokezwa ndiyo yenye ugonjwa.

## Hatua ya 2: Waunganishe kwa "to", si kwa "with"

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tusiende mbio.

Kitenzi chetu cha asili ni "ambata", yaani kushikamana na kitu. Kikiongezewa "-ish-" tunapata "ambatisha". Lakini katika barua rasmi tumezoea zaidi "ambatanisha", na ndani yake kuna "-an-", ileile ya "pendana" na "saidiana". Hiyo "-an-" inavifanya vitu vitendeane, na vinavyotendeana huungwa kwa "na": barua imeambatanishwa na cheti, cheti kimeambatanishwa na barua. Kwa Kiswahili zote mbili zinakubalika kwa sababu "-an-" haijali nani mkubwa.

Kisha mwandishi anafasiri "na" kwa "with", ndipo tunapata "attached with". Kiingereza hakina "-an-" ndani ya "attach". Kina mwendo wa upande mmoja, kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, na neno la kuonyesha mwendo huo ni "to".

Mpangilio ni huu:

- Ukiwa wewe ndiye mtendaji: attach + mgeni + to + mwenyeji. "Attach a copy of your ID to the form."
- Katika kauli ya kutendwa: mgeni + is attached to + mwenyeji. "A copy of my ID is attached to the form."

Sasa tazama makosa matatu yanayotokea mara nyingi na namna ya kuyanyoosha.

"Attach your form with your ID copy." Mgeni na mwenyeji wamebadilishana viti, halafu kihusishi, yaani neno la kuunga kama "to" au "with", nacho kimekosewa. Andika: "Attach a copy of your ID to your form."

"The receipt is attached in this email." Hii inatokana na "katika" na "kwenye" zetu. Utaisikia hata kwa wanaojua Kiingereza vizuri, lakini katika barua rasmi andika "attached to this email".

"Attach the notice on the wall." Tangazo la karatasi halihitaji "attach", sema "put up the notice" au "stick the notice on the wall". Rafu iliyopigiliwa skrubu ndiyo inayofaa: "Attach the shelf to the wall."

Na "with" je? Ina kazi yake halali: hutaja kifaa kinachoshikiza. "Attach the photograph to the form with glue." Jaribio lake ni jepesi. Weka "kwa kutumia" mahali pa "with". Ikileta maana, iache. Kwa kutumia gundi, sawa. Kwa kutumia cheti? Hapana. Cheti hakishikizi kitu.

Kuna nyakati unataka barua ndiyo ianze sentensi, kama tunavyosema "maombi yaambatane na nakala za vyeti". Kiingereza kina maneno yake kwa wazo hilo, nayo hayana "attach" ndani yake: "The application must be accompanied by copies of certificates." Hiyo "accompanied by" ndiyo pacha wa kweli wa "kuambatana na". Waandishi wa matangazo ya kazi na zabuni wangeitumia, wangeondoa makosa mengi yanayoigwa na waombaji.

Utajua umefaulu kila "attached" katika barua yako ikifuatwa na "to", au ikisimama bila kihusishi kwa sababu mwenyeji anajulikana wazi, kama katika "My CV is attached."

## Hatua ya 3: Hakikisha "attach" ndilo neno unalolitaka

Kiswahili ni tajiri sana katika kushikiza vitu. Tuna bandika, pachika, chomeka, tundika, shikiza, gandisha, kaza, pigilia, funga, unga. Kila kimoja kinaeleza jinsi kitu kinavyoshikwa. "Attach" haielezi jinsi yoyote. Inasema tu kwamba mgeni hatoki kwa mwenyeji. Mswahili anayefasiri vitenzi vyote hivyo kwa "attach" anapoteza taarifa ambayo alikuwa nayo mkononi. Katika maelekezo ya kuunganisha mashine au kufunga jeraha, taarifa hiyo ndiyo yenyewe.

Funga, kwa mkanda, vifungo au komeo: "fasten". Ndani ya ndege utaambiwa "Fasten your seat belt", wala hutasikia "attach your seat belt". Sababu inafundisha. Mkanda umekwisha kuwa "attached to the seat". Mafundi waliufunga kiwandani na hautoki. Unachokifanya wewe ni kuingiza ulimi wa chuma kwenye kifungio, ukijua utaufungua baadaye. "Fasten" ni kufunga kitu ili kisifunguke kwa sasa. Na "t" yake haisikiki: tamka kama "faasn".

Funga kwa kamba: "tie". "Tie the goat to the tree." "To" imebaki, maana mbuzi ni mgeni na mti ni mwenyeji.

Bandika: "stick". Kwenye fomu za serikali utakutana na "affix": "Affix a passport-size photograph here." Maana yake ni bandika hapa, kwa kawaida kwa gundi. Picha iliyopigwa stepla usoni inaweza kukataliwa kwa sababu pini zimetoboa sura. Fomu ikisema "attach" bila kueleza, klipu ni salama zaidi kwa picha, na stepla inafaa kwa nakala za vyeti.

Unga, vitu vya hadhi sawa: "join". Mbao mbili, vipande viwili vya kitambaa, mikono ya watu kwenye duara. Baada ya "join" hakuna mgeni tena. Kuna kitu kimoja kipya, au vitu viwili vilivyo sawa.

Unganisha ili kitu kipite: "connect". Maji, umeme, gesi, data. Mpira wa maji unaweza kuwa "attached to the tap" kwa kibano, lakini ni "connected to the water supply" pale maji yanapopita. Printa ikiwa "connected", inapokea kazi kutoka kwenye kompyuta. Mwambie fundi "The cable is attached but not connected" naye ataelewa mara moja: waya umeshikwa, umeme haupiti.

Tia ndani ya bahasha: "enclose". Chukua bahasha yako, utie barua na kipande cha karatasi bila klipu. Kipande sasa ni "enclosed", si "attached", kwa sababu vyote viwili vimezungushiwa bahasha moja bila kushikana. Barua za karatasi huandika chini kabisa "Enc." au "Encl." na kutaja idadi ya vilivyomo. Barua pepe haina bahasha ya kufunga, kwa hiyo "Please find enclosed" katika barua pepe ni mabaki ya zama za posta. Tumia "attached".

Ongeza mwishoni mwa maandishi: "append". Jedwali lililowekwa nyuma ya ripoti ni "appended to the report". Kwetu Afrika Mashariki tumezoea "append your signature". Inaeleweka, ila "sign" inatosha na haimchoshi msomaji.

Jambo moja dogo linalosaidia kukumbuka: vitenzi vyetu hujigeuza kwa mkia wake. Bandika, bandua. Chomeka, chomoa. Funga, fungua. Kiingereza hugeuza kwa kichwa: "attach" na "detach", "fasten" na "unfasten", "connect" na "disconnect". Kihusishi nacho hugeuka pamoja na kitenzi. Mgeni aliyefika kwa "to" huondoka kwa "from": "Detach the slip from the form." Maneno hayo utayaona kwenye fomu zenye mstari wa vitone, yakikutaka ukate kipande cha chini.

## Hatua ya 4: Nyoosha tahajia, umbo na matamshi

Tahajia: "t" mbili mwanzoni, na hakuna "t" kabla ya "ch". Kosa la "attatch" linaletwa na ndugu zake wa sauti, "catch", "match", "watch" na "scratch", ambazo zote zina "tch". "Attach" na "detach" zimejitenga na ukoo huo. Kariri hizo mbili pamoja.

Umbo: "attach", "attaches", "attaching", "attached". Baada ya "have" au "has" tumia "attached", kamwe si "I have attach".

Kosa linaloumiza zaidi ni "I am attached my CV". Kwa Kiswahili "nimeambatisha" ni neno moja lenye nafsi, wakati na tendo ndani yake, na mwandishi anayegawanya neno hilo vipande kwa haraka huokota "am" mahali pa "have". Matokeo yake ni sentensi inayosema kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyebandikwa. Sahihi ni "I have attached my CV" au "I am attaching my CV".

Matamshi: nguvu ya sauti iko kwenye silabi ya pili, a-TACH. Kwa bahati njema, mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho yanatuweka mahali palepale tukisema "atachi". Kata tu hiyo "i" ya mwisho. "Attached" ina silabi mbili, wala si tatu. Mwisho wake ni "cht" fupi. Ukisikika ukisema "a-ta-chedi" katika usaili, ondoa "e" hiyo.

## Hatua ya 5: Andika sentensi ya kiambatisho na utume bila kusahau faili

Fuata mpangilio huu, na usiuvunje hata ukiwa na haraka.

1. Pandisha faili kwanza, kabla hujaandika neno lolote. Alama yake katika programu nyingi za barua pepe ni klipu ya karatasi. Ukianza kwa kuandika, ni rahisi kulisahau faili.

2. Lipe faili jina linalojieleza. "Scan0034" halimwambii mtu kitu. Weka jina lako na aina ya hati.

3. Andika sentensi moja yenye idadi. Ninayoipendekeza kuliko zote ni hii: "I have attached my CV and two certificates." Ni fupi na ina mtendaji, na msomaji anaweza kuhesabu: mafaili matatu. Akikuta mawili, atakuuliza badala ya kudhani hukuwa na cheti cha pili.

4. Ukiamua kuanza na "Attached", linganisha kitenzi na kinachofuata. "Attached is my CV." "Attached are my CV and two certificates." Wengi huandika "Attached is" kwa mazoea hata vitu vikiwa vitano.

5. Ukitumia "Please find attached", taja kilichoambatishwa. "Please find the attached" imekatika njiani. The attached nini? Andika "Please find attached my CV." Ukiongeza "herewith" unarudia maana ambayo "attached" imekwisha kuibeba, kwa hiyo iache.

6. Weka anwani ya mpokeaji mwisho kabisa. Barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya.

Gmail hukagua maandishi yako: ukiandika "I have attached" kisha ukabonyeza kutuma bila faili, itakuuliza kama umesahau. Kwa hiyo kuandika kifungu hicho kwa usahihi kunakulinda. Ukiandika "I have attatched" au "nimeambatisha", usitegemee mlinzi huyo akuamshe.

Tahadhari kuhusu ukubwa. Gmail hukuruhusu kutuma viambatisho hadi MB 25 kwa barua moja. Ukizidisha, hulipeleka faili Google Drive na kuweka linki ndani ya barua. Linki si "attachment". Mpokeaji asiyepewa ruhusa atakutana na mlango uliofungwa, na sentensi yako ya "I have attached" itakuwa si ya kweli. Andika "I have shared a link to the file", kisha uhakikishe ruhusa imewekwa. Njia nzuri zaidi kwa maombi ya kazi ni kupunguza ukubwa wa skani. Vyeti vitatu vya kurasa moja moja havina sababu ya kufika MB 25. Ikiwa vimefika, skana iliwekwa kwenye ubora wa juu kupita mahitaji.

Utajua umefaulu ukifungua folda ya barua zilizotumwa, ukahesabu mafaili, na idadi ikalingana na ile uliyoiandika. Fungua kila faili kutoka hapo, si kutoka kwenye kompyuta yako.

## Hatua ya 6: Jihadhari na "attachment", neno moja lenye kazi nyingi

Mafunzo kazini. Kenya na Uganda, "industrial attachment" ni kipindi ambacho mwanafunzi wa chuo hupelekwa kwenye kampuni au ofisi kujifunza kazi. Tanzania wengi husema "field" au mafunzo kwa vitendo. Kenya mwanafunzi huyo huitwa "attachee". Ukiomba nafasi Marekani, andika "internship"; Uingereza wataelewa haraka "work placement". Kwa msomaji wa huko, "I am looking for an attachment" inaweza kusikika kama unatafuta faili lililopotea.

Usichanganye "attachee" na "attaché", neno lililotoka Kifaransa. Huyu wa pili ni afisa wa ubalozini mwenye eneo maalumu la kazi, kama jeshi au biashara. Kiswahili kimempa jina zuri, "mwambata", kutoka kwenye kitenzi kilekile cha "ambata".

Mahakamani. Hapa kosa lina gharama. Katika mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania, "attachment" ni kukamata mali ya mdaiwa ili kutekeleza hukumu, na "warrant of attachment" ni hati inayoamuru hivyo. Mtu akipokea barua isemayo "your movable property shall be attached", asifikiri anaombwa alete viambatisho. Gari na samani zake ziko hatarini kuchukuliwa na dalali wa mahakama. Apeleke barua hiyo kwa wakili siku hiyohiyo. Uingereza kuna pia "attachment of earnings", ambapo mwajiri hukata deni kutoka kwenye mshahara kwa amri ya mahakama.

Mikataba na mikopo. "Conditions attached to the loan" ni masharti yanayokuja na mkopo. "No strings attached" ni bila masharti yoyote yaliyofichwa. Ukiona "the schedule attached hereto", yaani jedwali lililoambatishwa kwenye mkataba huu, usitie saini kabla hujaishika hiyo "schedule" mkononi na kuisoma. Nayo ni sehemu ya mkataba kama kurasa za mbele.

Moyo. "She is very attached to her grandmother": anampenda bibi yake, hawezi kukaa mbali naye. Katika elimu ya saikolojia, "attachment" ni kifungo cha kihisia kati ya mtoto na mlezi wake. Mtafiti Mary Ainsworth, aliyeshirikiana na John Bowlby wa Uingereza katika nadharia hiyo, alianza kuuchunguza kwa kuwatazama kina mama wa Kiganda na watoto wao karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, kwa hiyo matumizi haya ya neno yana mizizi karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Angalia kwamba "to" imebaki: mtoto ndiye anayemshikilia mlezi.

Nyumba. "Detached house" ni nyumba iliyosimama peke yake, na "semi-detached" ni mbili zinazochangia ukuta mmoja. Anayepanga nyumba Uingereza asisome "semi-detached" akadhani sehemu yake imebomoka.

Kifaa. "Attachment" ya blenda au ya mashine ya kufagia ni kichwa cha ziada unachokipachika ili mashine ifanye kazi nyingine.

## Hatua ya 7: Jipime

Funika majibu kwa karatasi. Rekebisha sentensi hizi tano kwa kalamu zako mbili, buluu kwa mgeni, nyekundu kwa mwenyeji.

1. "I am attached two referees letters in this email."
2. "The application should be attached with a birth certificate."
3. "Attach the two pipes with each other."
4. "Kindly attach your seat belt."
5. "Attached is the invoice and the receipts."

Majibu:

1. "I have attached letters from two referees to this email." "Am" imekuwa "have", "in" imekuwa "to".
2. "The application should be accompanied by a birth certificate", au "A birth certificate should be attached to the application." Ya kwanza inaacha maombi yaongoze sentensi, ya pili inaanza na mgeni.
3. "Join the two pipes." Hakuna mgeni hapa. Maji yakianza kupita, "connect" nayo inafaa.
4. "Kindly fasten your seat belt."
5. "Attached are the invoice and the receipts."

Ukikosa ya 1 au ya 2, rudi hatua ya 2 ukiwa na barua yako mkononi, si hizi za mfano. Ukikosa ya 3 au ya 4, hatua ya 3 ndiyo yako. Ya 5 hukoseka kwa haraka tu. Soma sentensi kuanzia mwisho, uhesabu vitu, kisha ndipo uchague "is" au "are".